Fundi mmoja, kazi tatu: kisa cha ajira ya fundi kompyuta iliyolazimika kurudiwa

Kuhusu kisa hiki

Taasisi inayozungumziwa hapa sitaitaja, wala shughuli zake, wala mahali ilipo. Watu nimewaita kwa kazi zao, na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Sehemu ya kwanza naisimulia kwa makaratasi niliyoonyeshwa na kwa maneno ya waliokuwepo. Kuanzia ajira ya pili nilikuwepo mwenyewe, maana niliitwa kuandaa jaribio na nikakaa kwenye jopo. Nina upande, basi, na msomaji alijue hilo mapema.

Hali ilivyokuwa

Taasisi ilikuwa na watumishi wapatao 70 katika majengo mawili, kompyuta 60 na ushee, printa 9, na seva moja ya mafaili, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili ya wote, iliyokuwa ikikaa stoo, juu ya meza mbovu, karibu na ndoo za usafi. Intaneti iliingia jengo la kwanza, ikavushwa hadi la pili kwa kebo iliyopita juu ya paa. Nani aliivuta kebo ile, lini, na ina urefu gani, hakuna aliyejua. Kwa miaka mingi kompyuta zilikuwa zikiangaliwa na mtumishi wa idara ya kumbukumbu ambaye alizipenda tu. Hakulipwa kwa kazi hiyo na haikuandikwa popote kwamba anaifanya. Alipohama, ndipo watu walipogundua kuwa alikuwa akibeba kazi mbili.

Tangazo la ajira lilinakiliwa kutoka kwa taasisi nyingine. Lilitaka mtu mmoja wa kutengeneza kompyuta na printa, kusimamia mtandao na seva, kuwahudumia watumiaji, “na majukumu mengine atakayopangiwa”. Kwa anayeijua kazi hii, hapo pana watu watatu. Wa kwanza ni fundi wa mezani: anafungua mashine, anabadilisha tundu la chaja, anajua kulehemu bila kuunguza ubao. Wa pili ni mtu wa mtandao: ruta na swichi zinazounganisha kompyuta, anwani (namba inayoitambulisha kila kompyuta mtandaoni), nani aruhusiwe kuingia wapi. Wa tatu ni mhudumu wa watumiaji, yule anayepokea simu ya mtu aliyesahau nywila kwa mara ya nne wiki hii na asikasirike. Wapo wanaoziweza zote tatu, na taasisi ndogo haina uwezo wa kuajiri watu watatu, hilo sibishi. Lakini usipojua ni ipi itakayokula muda mwingi, utamsaili mtu kwa kazi moja na kumkabidhi nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Usaili wa kwanza ulichukua dakika 25 kwa kila mtu. Jopo la watu watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kompyuta. Maswali: tueleze kuhusu wewe, RAM na ROM (aina mbili za kumbukumbu ya kompyuta) zinatofautianaje, kwa nini unataka kufanya kazi nasi. Aliyepata kazi alikuwa na miaka 7 ya ufundi na cheti cha CompTIA A+, cha ufundi wa kompyuta, kwenye bahasha. Kilichomaliza ubishi, hata hivyo, hakikuwa cheti. Katikati ya mazungumzo mwenyekiti alilalamika kwamba kompyuta yake mpakato haipokei chaji. Kijana akaomba bisibisi ndogo, akaifungua palepale, akakaza kiunganishi kilicholegea, akairudisha ikiwa inachaji. Dakika 6. Mwenyekiti aliniambia baadaye, “Tulijiona tumeokota dodo chini ya mnazi.”

Kuhusu cheti: hakuna aliyekihakiki. Vyeti vya A+ vinavyotolewa tangu 2011 hudumu miaka 3 visipohuishwa, na kila kimoja kina namba ya kuhakikia. Hiki kilikuwa kimeshapita muda wake. Sidhani kama kingekuwa hai kingebadilisha chochote, ila inaonyesha jinsi jopo lilivyokuwa likisoma makaratasi.

Mambo yalivyofuatana

Miezi 2 ya kwanza watu walimsifu. Kompyuta zilizokuwa zimerundikwa stoo kwa kukosa betri au feni zilirudi mezani. Kila aliyemwita alimwona baada ya muda mfupi.

Mwezi wa 3 chumba cha uhasibu kililalamika kwamba Wi-Fi haifiki. Fundi alileta ruta ndogo ya nyumbani, akaichomeka kwenye kebo ya ofisi kupitia tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani, akaiweka juu ya kabati la mafaili. Wi-Fi ikafika. Kuchomeka kwenye LAN hakukuwa kosa. Wengi hufanya hivyo wanapotaka ruta iwe kisambaza mawimbi tu. Kosa ni kwamba aliacha huduma ya kugawa anwani, yaani DHCP, ikiwa imewashwa. Sasa mtandao mmoja ulikuwa na wagawaji wawili. Ruta kuu iligawa anwani za 192.168.10, hii ya kabatini ikagawa za 192.168.1 na kujitangaza kuwa ndiyo lango la kutokea, wakati kwake hakuna njia ya kutokea. Kompyuta inapoomba anwani kwa kawaida hupokea jibu linalotangulia kufika. Kwa hiyo asubuhi moja mashine 5 hazina intaneti, kesho yake ni nyingine 8, ukizizima na kuziwasha baadhi zinapona. Hakuna kinachomchanganya mtu kama tatizo linalohama.

Fundi hakutafuta chanzo. Kila mashine iliyolalamikiwa aliipa anwani ya kudumu kwa mkono, na ikatulia. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini anwani alizozibandika zilikuwa ndani ya fungu lilelile ambalo ruta kuu inagawa, na hakuandika popote ametumia zipi. Mashine yenye anwani ya kudumu ikilala siku mbili, ruta kuu inaiona anwani ile iko wazi na kumpa mwingine. Mwenyewe akirudi, wanagongana. Kufikia mwezi wa 6 mashine 19 zilikuwa na anwani za mkono, mbili kati ya hizo zikiwa na anwani moja, na printa ya ghorofani ilikuwa ikipotea kila Jumatatu.

Kisha ikaja diski. Kompyuta ya mhasibu ilianza kuwa nzito na kutoa mlio wa tik-tik. Fundi aliendesha programu ya kurekebisha diski usiku kucha, asubuhi haikuwaka, akaifomati na kuweka Windows upya. Mhasibu aliporudi aliuliza mafaili yake yako wapi. Fundi akamjibu kwa swali, “Mama, si yako kwenye seva?” Hayakuwa kwenye seva. Yalikuwa kwenye uso wa kompyuta (desktop), miezi 8 ya kazi, katika folda iitwayo MPYA ndani ya folda nyingine iitwayo MPYA. Baadhi yaliokotwa kwenye barua pepe alizokuwa amewatumia wengine. Yaliyobaki yaliandikwa upya kutoka kwenye karatasi.

Kikafuata kikao, maneno makali, na barua ya kuacha kazi. Aliondoka na nywila ya ruta kuu kichwani. Simchukulii kama aliiba. Hakuna aliyemwomba, na alipopigiwa simu wiki 2 baadaye alisema kwa uungwana kwamba haikumbuki. Ikabidi ruta irudishwe katika hali ya kiwandani na kupangwa upya na fundi wa nje. Huyo ndiye aliyeiona anwani ya mgawaji wa pili kwenye mashine mojawapo, akachomoa kebo moja baada ya nyingine mpaka akafika kabatini kwa wahasibu. Ruta ilikuwa bado inawaka, imefunikwa na maboksi.

Maamuzi kabla ya kutangaza tena

Mkurugenzi alitaka tangazo litoke wiki ileile, safari hii likidai shahada na cheti cha Cisco CCNA, cha mambo ya mtandao. Niliomba wiki 2. Hoja yangu ilikuwa moja: hatujui tunaajiri kwa ajili ya nini. Daftari la matatizo halikuwepo, lakini palikuwa na kundi la ujumbe la watumishi ambamo kila mtu alimwaga kero zake. Tukakaa, mimi na afisa utumishi, tukasoma ujumbe wa miezi 6 na kuutenga mafungu. Zaidi ya nusu ulihusu nywila, printa, na “nimefanyaje hapa”. Fungu la pili kwa ukubwa lilikuwa mtandao. Matengenezo ya kufungua mashine yalikuwa machache kuliko yote. Kile kilichomfurahisha mwenyekiti katika usaili wa kwanza kilikuwa sehemu ndogo kabisa ya kazi.

Maamuzi yaliyotokana na hapo:

Matengenezo ya kulehemu yaondolewe kwenye ajira. Yapelekwe kwa fundi wa nje yakitokea. Fundi wa ndani abadilishe diski, RAM, betri na vifaa vya kuchomoa na kuchomeka.

Sharti la shahada liondoke. Cheti kiwe ni cha kumsaidia mtu kuitwa kwenye usaili, kisiwe cha kumpa kazi. Mkurugenzi hakupenda, akakubali.

Usaili uwe na jaribio la mikono na la maandishi, na wajumbe watoe alama kila mtu peke yake kabla ya kufungua mdomo. Hili la mwisho lilitokana na nilichosimuliwa: mwenyekiti aliposema “huyu ndiye”, wawili waliobaki walifuata.

Nywila zote ziandikwe na kufungiwa kwenye bahasha mbili, moja kwa mkurugenzi na moja kwa mhasibu mkuu, kabla fundi mpya hajaanza. Hii haikuwa dalili ya kutomwamini. Tulimweleza hivyo siku ya kwanza.

Tulikubaliana pia kwamba jaribio lipime vitu vitatu: namna mtu anavyotafuta chanzo, anavyolinda data ya mwenye mashine, na anavyoandika. Kasi haikuwemo. Kumbuka hilo, maana ilituletea mzozo.

Jaribio lenyewe

Walioitwa walikuwa 6. Tuliandaa meza 4, dakika 25 kila moja, na baada ya kila meza dakika 10 za kuandika maelezo “kwa ajili ya atakayekuja baada yako”.

Meza ya kwanza ilikuwa kompyuta isiyoonyesha picha. RAM ilikuwa imechomekwa nusu. Wote waliipata, kwa hiyo haikutusaidia kitu.

Ya pili ndiyo niliyoipenda. Kebo ya mita 30 imeviringishwa, upande mmoja swichi, upande mwingine kompyuta. Intaneti ipo, lakini ukinakili faili kubwa inajikokota na kukatika. Testa ya kebo tuliiweka mezani. Ukiichomeka, taa zote 8 zinawaka kwa mpangilio, moja hadi nane, safi kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye jozi. Ndani ya kebo nyuzi husokotwa mbili mbili, machungwa, kijani, buluu, kahawia, na ule msokoto ndio unaozuia ishara ya jozi moja isiingie kwenye nyingine. Mpangilio wa kawaida unataka uzi wa kijani na mwenzake mweupe-kijani waende pini ya 6 na ya 3, wakiwazunguka wa buluu walio katikati. Sisi tulizipanga jozi zifuatane tu, upande huu na ule. Umeme unapita, testa inaridhika, lakini pini ya 3 na ya 6, zinazobeba ishara moja kwa pamoja, sasa zimeangukia nyuzi za jozi mbili tofauti. Testa ya taa haiwezi kukuambia hivyo.

Ya tatu ilikuwa mgawaji wa pili wa anwani, nakala ya kilichotokea ofisini.

Ya nne ilikuwa kompyuta yenye diski inayogonga tik-tik, na mbele yake amekaa mhasibu yuleyule aliyepoteza miezi 8. Alikubali kuigiza. Kusema kweli hakuigiza sana.

Msailiwa wa pili alikuwa na mikono ya ajabu. Kwenye meza ya kebo hakugusa testa. Alinyanyua kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa kebo, kwenye mwanga, akakitazama kupitia plastiki, akacheka, “Aliyebana huyu alifundishwa na nani?” Alikata, akabana upya pande zote mbili, dakika 9. Mgawaji wa pili alimkamata kwa dakika 7. Alipofika kwa mhasibu alimsalimu, akakaa, akafungua programu ya kurekebisha diski na kuiendesha. Hakuuliza kitu. Maelezo yake kwa meza zote nne, ukiyajumlisha, yalikuwa mistari 5. Ya meza ya nne yalisema: “Tatizo limeshughulikiwa.”

Msailiwa wa tatu alikuwa mwanamke aliyewahi kufanya kazi ya kupokea simu za wateja wa intaneti. Meza ya kebo ilimshinda. Alipima, taa zikawaka zote, akapima tena, akainamisha kichwa. Mwishowe aliomba kebo nyingine, akaichomeka, faili likaenda. Karatasi yake ninayo mpaka leo: “Testa inasema kebo ni nzima. Nimebadilisha kebo tu, swichi na kompyuta vilevile, kasi imerudi. Ubovu uko kwenye kebo hii, sababu sijaijua. Isirudishwe kazini. Nimeifunga fundo ili ijulikane.” Na kweli ilikuwa na fundo.

Kwa mhasibu mambo yalikwenda hivi.

“Kaka zako wameshapita hapa, mwanangu. Mimi nataka faili langu la mishahara, sasa hivi.”

“Shikamoo, mama. Pole sana. Kabla sijagusa, hilo faili liko mahali pengine popote? Seva, flashi, barua pepe?”

“Mimi nitajuaje?”

“Basi naomba tuizime kwanza.”

“Uizime? Nimekwambia nataka faili!”

“Ndiyo, mama. Huo mlio unasikika? Kila dakika inayowaka inaweza kuwa inajila. Nikiilazimisha sasa naweza kukupotezea lote. Nikiizima, nikaitoa, nikaichukulia nakala nzima kwenye diski nyingine kabla ya kutengeneza chochote, nafasi yako ni kubwa zaidi. Siwezi kukuahidi. Mishahara inatakiwa lini?”

Mhasibu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, nje kabisa ya tuliyokubaliana, “Ungekuwepo mwaka jana.”

Mzozo wa jopo

Alama zilipofunguliwa, mjumbe mmoja alikuwa amempa wa pili nafasi ya kwanza kwa mbali, wawili tulimpa wa tatu. Mkurugenzi hakuwa mjumbe lakini alipita kwenye meza, na alimtaka wa pili. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema tabia ya kuuliza kabla ya kugusa inafundishika kwa wiki moja, lakini jicho la kuona nyuzi zimepishana halifundishiki kwa mwaka. Niliyumba. Bado sina hakika kwamba alikosea kwa kila mahali. Ofisi yenye watu 4 wa kompyuta ingemhitaji huyo kijana sana.

Kilichoamua kilikuwa simu kwa wadhamini. Hatukuuliza “ni mchapakazi?”, maana jibu la swali hilo linajulikana. Tuliuliza: alipokwenda likizo, nani alishika kazi zake, na ilikuwaje? Mdhamini wa msailiwa wa pili alicheka na kusema hakuwa akienda likizo. Na akiumwa, wanamsubiri. Wa msailiwa wa tatu alisema aliacha daftari, wakalitumia. Akaajiriwa wa tatu, na miezi 3 ya majaribio.

Kuna dosari niitaje hapa. Msailiwa wa tano aliingia kwenye meza ya nne akauliza habari za nakala kabla hajaketi, hata mlio hajausikia. Wote walikuwa wakisubiri chumba kimoja na walikuwa wakipiga soga. Alama zake za meza ile tulizifuta. Sijui kama tulimtendea haki.

Matokeo

Tulimpa kazi 3 za kipindi cha majaribio: kuchora ramani ya mtandao, kuondoa anwani za mkono, na kurejesha faili halisi kutoka kwenye nakala rudufu mbele ya shahidi.

Ramani ilichukua wiki 3 badala ya 2, na ilileta jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Kebo ya paani kati ya majengo ilikuwa na mita 120 na kidogo. Kikomo cha kebo ya shaba ya aina hiyo ni mita 100. Miaka yote watu wa jengo la pili walikuwa wakiambiwa intaneti yao ni mbovu kwa sababu “wako wengi”. Ilibadilishwa kuwa ya faiba.

Anwani za mkono ziliondolewa zote, isipokuwa seva na ruta. Printa zilitengewa anwani zao ndani ya ruta kuu, ambayo inazitambua kwa namba ya kiwandani ya kila kifaa, kwa hiyo orodha iko mahali pamoja. Jaribio la kurejesha faili lilishindwa mara ya kwanza. Nakala zilikuwa zikifanyika kila usiku bila kukosa, ila folda iliyokuwa ikinakiliwa ilikuwa tupu, kwa kuwa mafaili yalishahamishwa. Programu iliripoti “imekamilika” kila siku. Lilirekebishwa, na sasa anarejesha faili moja kila mwezi na kulitia saini.

Upande wa pili: ni mpole, lakini ni mzito. Malalamiko ya kuchelewa yaliongezeka miezi ya mwanzo, na kulinganishwa na fundi wa kwanza aliyekuwa akikimbia kulimuumiza. Mwezi wa 7 aliandika barua ya kuacha kazi. Sababu haikuwa mshahara. Watu walikuwa wakimpigia saa 4 usiku kuhusu printa, na taasisi haikuwahi kusema saa zake ni zipi. Barua ilirudishwa baada ya mkurugenzi kuweka saa za huduma na njia moja ya kupeleka matatizo, na kuleta kijana wa mafunzo kwa siku 3 za wiki ashike nywila na printa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kusoma ujumbe wa miezi 6 kulitufaa kuliko jaribio lenyewe. Naliweka mbele kwa sababu ni rahisi, halihitaji mtaalamu, na karibu kila ofisi ina mahali watu wanapolalamikia.

Maelezo ya maandishi yalitofautisha watu kuliko kutengeneza kwenyewe. Msailiwa wa tatu alishindwa na kebo, lakini karatasi yake ingemtosha mtu mwingine kuendelea. Wa pili aliishinda na hakuacha alama yoyote kwamba alipita pale. Tena kebo yenye jozi zilizopishana ilitupa kitu ambacho sikukipanga: ilionyesha mtu anafanya nini kifaa cha kupimia kikimdanganya. Wawili kati ya 6 waliiamini testa na kuanza kuilaumu kompyuta.

Kutoa alama kabla ya kuzungumza kulizuia kauli ya mmoja isiwe kauli ya wote.

Hata hivyo nisiliabudu jaribio la vitendo. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya tafiti za uajiri mwaka 1998, jaribio la kazi halisi lilikuwa juu kabisa katika kutabiri utendaji, kwa kipimo cha 0.54, ambapo 0 ni kutotabiri chochote na 1 ni kutabiri bila kukosea. Paul Sackett na wenzake walipopiga hesabu upya mwaka 2022 waliliteremsha hadi 0.33, na usaili wenye maswali yaliyopangwa ukawa juu, 0.42. Miaka ya uzoefu ilikuwa chini mara zote mbili: 0.18, kisha 0.07. Sisi tulitumia nguvu nyingi kwenye meza 4, na maswali yetu ya mdomo tuliyapanga jioni ya kuamkia siku yenyewe. Ningegeuza mizani hiyo leo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Fundi wa kwanza alibebeshwa lawama nyingi kuliko stahili yake. Ruta ya kabatini na kufomati diski bila kuuliza ni makosa yake. Lakini aliajiriwa kwa sababu alikaza tundu la chaja, akakabidhiwa mtandao usio na ramani, hakupewa mtu wa kumuuliza, na hakuna aliyemwambia kuwa wahasibu hawaitumii seva. Mhasibu naye hakuwahi kuambiwa kwamba uso wa kompyuta hauchukuliwi nakala.

Tulitenga saa nyingi kumchagua mtu na hatukutenga hata moja kufikiria siku yake ya kazi itakuwaje. Kompyuta 60 na ushee, majengo mawili, mtu mmoja, simu isiyo na saa. Mwezi wa 7 ulionekana tangu mwezi wa 1 kwa yeyote ambaye angehesabu.

Na meza ya kwanza ilikuwa ya kupoteza muda. RAM iliyolegea kila mtu anaijua. Dakika zile 25 zingetumika kumpigia msailiwa simu kutoka chumba cha pili, mtu asiyejua kueleza tatizo lake, tumsikie anauliza nini. Nusu ya kazi ni hiyo, na hatukuipima kabisa.

Likizo yake ya kwanza ilikuwa ya wiki 2. Simu alipigiwa mara 4. Mara 3 alijibu kwa namba ya ukurasa wa daftari. Ya nne ilikuwa ya mhasibu, akimuuliza anarudi lini.